Ukitua Ujerumani na tikiti ya mwanafunzi: Miji, vituko na Kiswahili kilichokutangulia huko

NA MWANDISHI WETU

UKIPANDA treni kutoka uwanja wa ndege wa Berlin kuelekea katikati ya jiji, utasikia kitu ambacho hujawahi kukisikia ndani ya gari la abiria Nairobi: kimya. Hakuna muziki, hakuna makanga anayegonga bodi ya gari, hakuna jirani wa kiti anayeuliza kama mmefika Allsops. Behewa limejaa watu, kila mmoja na simu au kitabu chake. Mama akipiga simu kuuliza kama umefika salama nawe umjibu kwa ile sauti yetu ya kawaida ya nyumbani, vichwa kumi vitageuka kukutazama.

Usikasirike. Hawakuchukii. Kule mtu akiwa ndani ya treni anahesabu kwamba yuko chumbani mwake, na wewe umeingia bila kubisha. Mwambie mama utampigia ukifika.

Vijana wengi wa Kenya sasa wanaifikiria Ujerumani, na si ajabu. Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa muhula. Septemba 2024 serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira. Mitandaoni kila siku kuna mtu anakuambia jinsi ya kupata viza, na kuhusu ile akaunti maalum ambamo unatakiwa kuonyesha Euro 11,904 za kukutunza mwaka mmoja. Hesabu euro moja kwa takriban Sh150 uone mlima wenyewe.

Lakini ni wachache wanaokuambia utaishi vipi na watu wa huko ukishafika, na utaenda wapi wikendi ukiwa na Euro 20 mfukoni. Tuanzie hapo.

Tikiti kwanza

Kinachowakata wanafunzi wageni wiki ya kwanza ni nauli. Vituo vya treni vya Ujerumani havina vizuizi vya kuingilia. Unashuka ngazi, unapanda, hakuna anayekuuliza kitu. Unaanza kufikiria kwamba huku ni mteremko.

Wakaguzi wapo, ila Berlin mara nyingi wamevaa jinzi na jaketi kama wewe. Milango ikishafungwa, yule jamaa aliyekuwa amesimama kando yako akichezea simu anatoa kitambulisho na kuomba kuona tikiti. Faini ni Euro 60, yaani karibu Sh9,000. Na unaweza kupigwa faini ukiwa na tikiti mkononi. Ile ya karatasi unayonunua kwenye mashine mjini Berlin lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichoko kituoni kabla ya kupanda. Tena uwanja wa ndege uko eneo C, kwa hivyo tikiti ya eneo A na B haikufikishi mjini kihalali. Kusema wewe ni mgeni hakukusaidii. Mkaguzi ameisikia hiyo mara tano tangu asubuhi, na kule hakuna kuongea pembeni.

Dawa ya haya yote ni tikiti ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa Euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni Euro 63. Kwa hiyo moja unapanda basi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoani nchi nzima, mchana na usiku, mara ngapi upendavyo. Vyuo vingi huiingiza ndani ya ada ya muhula kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida, kwa hivyo usikimbilie kujinunulia kabla hujaulizia chuoni. Ukijinunulia, kumbuka inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uifute, na kuifuta ni kabla ya tarehe 10.

Ila haikupandishi treni za kasi za ICE na IC. Kutoka Berlin hadi Hamburg, ICE kwa kawaida inachukua chini ya saa mbili. Wewe na treni zako za mikoani utatumia zaidi ya saa tatu na kubadilisha njiani. Sawa tu. Utaona mashamba, mitambo ya upepo, na vijiji ambavyo waliolipa nauli kubwa wanavipita wakiwa wamelala.

Kuhusu ile sifa ya Wajerumani na saa, punguza matarajio. Mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 pekee, na huko treni haihesabiwi kuchelewa mpaka ipitishe karibu dakika sita. Njia rahisi zaidi ya kufungua mazungumzo na Mjerumani usiyemjua ni kuilalamikia reli. Watu waliokaa kimya saa nzima wataanza kubonga ghafla kama wamefunguliwa bomba.

Berlin kwa laini moja

Vitabu vya watalii vitakupeleka Lango la Brandenburg, na uende kweli. Kwa Mkenya mahali hapo si picha tu. Mbio za marathon za Berlin hupita chini ya lango hilo karibu na utepe. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia katika jiji hilo mwaka 2003, Patrick Makau 2011, Wilson Kipsang 2013, Dennis Kimetto 2014, na Eliud Kipchoge mara mbili, 2018 na 2022. Tegla Loroupe naye aliweka yake hapo 1999. Ukitaja unakotoka, mara nyingi jibu litakuwa jina la Kipchoge, na utatazamwa miguu. Zoea.

Hatua chache kutoka langoni kuna bunge lao, na kuba la kioo juu yake unaweza kulipanda bila malipo mradi ujiandikishe mapema na ubebe pasipoti. Upande wa pili kuna nguzo 2,711 za saruji za kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Utawaona watu wakipiga selfie juu yake. Usiwe mmoja wao.

Baada ya hapo achana na vitabu, tafuta laini ya U6. Kwenye laini hiyo moja unaweza kumaliza siku nzima, na nusu ya utakayoyaona yanahusu kwetu.

Anzia kituo cha Stadtmitte, utembee dakika chache hadi mtaa wa Wilhelmstraße. Kwenye nambari 92 kuna bango la maelezo tu, nyuma yake majengo ya kawaida ya kuishi watu. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la kansela Bismarck, na humo ndimo mataifa 14 yalikaa kutoka Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuamua kanuni za kuligawa bara la Afrika. Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Hakuna mlinzi, hakuna foleni, hakuna duka la kuuza fulana. Watu wanapita na mifuko ya sokoni.

Shuleni tulizoea kusema kwamba mipaka yetu ilichorwa kwenye mkutano huo. Si hivyo hasa. Mstari unaotoka karibu na Vanga, unaozunguka Kilimanjaro na kwenda hadi Ziwa Victoria, ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yakakamilishwa 1890. Na ile hadithi kwamba Malkia Victoria aliutoa mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ni hadithi tu. Jambo la kweli, ambalo wengi wetu hatukufundishwa vizuri, ni kwamba Witu, pale Lamu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani kuanzia 1885 hadi 1890. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ndio waliofanya mapatano na sultani wa huko. Kisha Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu na madai yake kuhusu Zanzibar, na katika makubaliano hayo hayo ikapata kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Leo watu hupanda feri kwenda kutembea huko.

Rudi U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum. Ndani ya makumbusho hayo ya viumbe kuna mifupa ya dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mrefu kama jengo la ghorofa nne. Anaitwa Giraffatitan, na alitoka Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ilichimbwa huko na kubebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, siku kadhaa za kutembea hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kumbuka ni eneo lile lile ambalo Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, vilikuwa vimeliangamiza muda mfupi tu uliopita. Watoto wa shule wa Berlin wanapiga kelele za furaha chini ya shingo ile, ndiyo sehemu pekee ya mji utakayosikia kelele. Wewe utasimama hapo ukifikiria shingo nyingine, zile zilizobeba.

Ukiendelea na laini hiyo hiyo utafika kituo kinachoitwa Afrikanische Straße. Toka nje usome vibao vya mitaa: Togo, Kamerun, Uganda, Sansibar, Usambara. Mtaa huo wa Wedding ulianza kupewa majina hayo enzi Ujerumani ikijivunia makoloni. Kulikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina hilo 1939 kumtukuza Carl Peters, yule aliyewaua na kuwatesa watu Tanganyika mpaka Wajerumani wenyewe wakamwachisha kazi. Wanaharakati, wengi wao Waafrika wanaoishi Berlin, walipambana miaka na mikaka. Agosti 2024 vibao vilibadilishwa; sehemu moja ya barabara sasa ni Maji-Maji-Allee, nyingine imepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Piga picha hiyo umtumie mwalimu wako wa historia wa sekondari.

Kuna kituo kimoja zaidi ambacho si cha U6. Kutoka makumbusho ya dinosaria unaweza kutembea hadi Brunnenstraße nambari 193. Angalia chini, si juu. Kwenye lami kuna kijiwe cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 chenye jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye akaingizwa jeshini akiwa bado mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malipo ambayo yeye na babake hawakuwa wamelipwa. Hakuyapata. Alibaki, akafanya kazi ya uhudumu mikahawani, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe. Alifia kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, Novemba 1944.

Vijiwe kama hicho, vilivyoanzishwa na msanii Gunter Demnig, viko zaidi ya 100,000 kote Ulaya, kila kimoja mbele ya nyumba ambayo mhanga aliishi kwa hiari yake mara ya mwisho. Ukishaona cha kwanza utaanza kuviona kila mahali, na kutembea Berlin hakutakuwa kama zamani.

Endelea na barabara hiyo hiyo kupanda juu utafika Bernauer Straße, ambako kipande cha Ukuta wa Berlin kimeachwa kama kilivyokuwa, na kiingilio ni bure. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye ukuta huo kati ya 1961 na 1989. Kule East Side Gallery, mita 1,300 za ukuta zilizochorwa rangi, ndiko kunakopendeza kwenye Instagram. Bernauer Straße ndiko kunakoeleweka.

Jumapili, chupa na taa nyekundu

Sasa maisha ya kawaida. Jumamosi jioni hakikisha una mkate, maziwa na mchele kejani. Jumapili maduka yamefungwa, na si kwamba yanafunguliwa baadaye kidogo; yamefungwa hasa. Yanayobaki ni ya vituo vikubwa vya treni, vituo vya mafuta, na mikate asubuhi. Wenyeji wa Berlin wana vijiduka vya pembeni wanavyoviita Späti, ndugu wa kioski chetu, lakini bei ni ya mwenye shida. Siku hiyo pia usichimbe ukuta, usifue kwa mashine yenye kelele, usiburute meza. Na kila siku kuanzia saa nne usiku jirani ana haki ya kulala, naye ataidai haki hiyo kwa barua iliyobandikwa mlangoni, yenye adabu nyingi na tarehe.

Badala yake nenda bustanini. Tempelhof, pia kwenye U6, ni uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na kufanywa bustani. Unaendesha baiskeli kwenye barabara ambayo ndege zilikuwa zikiruka. Mwaka 2014 wakazi walipiga kura kukataa nyumba zisijengwe hapo. Fikiria Uhuru Park lakini zaidi ya hekta 300, na watu wanachoma nyama sehemu zilizotengwa.

Ukinunua soda, utagundua umelipa senti 25 za ziada. Hizo ni amana ya chupa, inaitwa Pfand. Rudisha chupa kwenye mashine ya supamaketi, inakutolea risiti ya pesa zako. Chupa ya glasi ya bia ni senti nane. Usidharau, wanafunzi hulipia mkate kwa mfuko mmoja wa chupa. Na ukiwa bustanini umemaliza kinywaji chako, usiitupe chupa ndani ya pipa. Iache kando ya pipa, imesimama. Kuna watu wanaozikusanya kuongezea riziki, wengine ni wazee waliostaafu, na hakuna haja waingize mkono kwenye takataka. Hilo litakushangaza kuliko Lango la Brandenburg: mzee wa makamo ya babu yako, koti safi, tochi mkononi, akichungulia pipa moja baada ya jingine katika nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote Ulaya. Picha hiyo haiko kwenye tangazo la wakala yeyote wa viza.

Kuhusu taa ya kuvukia barabara: hata kama hakuna gari mpaka upeo wa macho, kukiwa na mtoto karibu, subiri. Faini ni Euro tano tu, lakini kuna bibi atakayekukemea mbele za watu kwamba unamfundisha mtoto kufa. Sisi tunaovuka Thika Road tukiikimbilia mathree tunaona hiyo ni drama. Bibi ana hoja, ingawa.

Beba pesa taslimu pia. Utatoka nchi ambayo mama mboga anapokea M-Pesa, ufike taifa la viwanda ambalo duka la kebab linakuambia kadi haipokelewi. Na choo cha stesheni kinataka sarafu, mara nyingi euro nzima. Kula na kunywa kwa hesabu.

Lugha nayo ina adabu yake. Kijerumani kina maneno mawili ya kusema 'wewe': du kwa rafiki, mtoto na mwanafunzi mwenzako, na Sie kwa mtu mzima usiyemzoea, profesa, polisi, mwenye nyumba. Kwetu heshima hiyo tunaiweka kwenye shikamoo au kumwita mtu mzee, mama, mwalimu. Kwao imekaa kwenye neno hilo moja. Ukiwa na shaka, sema Sie. Mwenyewe atakuambia kama tuachane na rasmi. Hamburg salamu ni Moin, asubuhi hata usiku. München ukisema Moin watajua umetoka kwingine.

Leipzig, Köln na wengine

Leipzig ni nafuu kuliko Berlin na ina chuo kikuu kilichoanza 1409, ambapo hadi leo Kiswahili kinafundishwa. Wengi huenda kwa ajili ya Bach, aliyefanya kazi katika kanisa la Thomaskirche kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mimi ningekupeleka kwanza kanisa la Nikolai. Hapo watu walikuwa wakikutana Jumatatu kwa maombi, kisha wakitoka barabarani. Tarehe 9 Oktoba 1989 walitoka watu takriban 70,000, vikosi vya usalama vikiwa tayari pembeni na hospitali zikiwa zimejiandaa kwa majeruhi. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye Ukuta ulianguka. Kama ulikuwa barabarani Nairobi Juni 2024, utakaa kwenye viti vile muda mrefu kuliko ulivyopanga.

Köln ni rahisi: unashuka treni, unatoka nje, kanisa kuu liko usoni mwako. Lilianza kujengwa 1248, likamalizika 1880, urefu mita 157. Ngazi za mnara ni 533 na lifti ya watalii hakuna. Nusu saa kwa treni kutoka hapo ni Bonn, na jina hilo umelisikia hata kabla ya kujua liko wapi, kwa sababu ndiko inakotangazia Deutsche Welle, idhaa ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalianza 1963 na ambayo babu alikuwa haruhusu mtu aongee ikiwa hewani.

München ni nzuri na ni ghali. Nenda siku moja, utembee kando ya mto Eisbach katikati ya bustani, kisha urudi ulale kwingine. Ukiwa huko panda treni hadi Dachau, kambi ya kwanza ya Wanazi iliyoendelea kutumika hadi 1945. Kiingilio ni bure.

Mambo ambayo hayapendezi

Utakodolewa macho, hasa kwenye miji midogo. Mara nyingi ni mazoea tu. Wajerumani hutazamana hivyo hata wenyewe. Lakini tusidanganyane. Chama cha AfD, kinachotaka wageni wapunguzwe, kilikuwa cha kwanza katika uchaguzi wa jimbo la Thüringen Septemba 2024 na cha pili nchi nzima Februari 2025. Hilo utalihisi kwenye mabango, na siku nyingine kwenye mdomo wa mlevi stesheni. Polisi nao wanaweza kupita behewa zima na kusimama mbele yako pekee.

Likitokea, toa kitambulisho. Kwa hivyo tembea na kadi ya ukaazi au pasipoti kila unapopanda treni. Una haki ya kuuliza, kwa upole na kwa Sie, sababu ya kukaguliwa. Mwenye nyumba au mwajiri akikunyima nafasi kwa sababu ya rangi, kuna sheria ya 2006 inayokataza ubaguzi huo, na chuo chako kina ofisi ya kukuelekeza. Nambari ya polisi ni 110, ya ambulensi na zima moto ni 112. Treni ya usiku wa manane, kaa karibu na watu wengine. Mambo haya waulize wanafunzi Waafrika waliokutangulia kwenye mji huo huo, maana wao wanajua kituo gani kina shida na kipi hakina.

Haya si mapya pia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli cha 1903, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Baadhi ya wanafunzi wake Wajerumani walimdharau darasani mpaka akaacha kazi. Alipotaka kurudi nyumbani 1905 na mkewe Mjerumani, maafisa wa kikoloni hawakuwaruhusu kushuka melini Dar es Salaam. Aliishia Ujerumani na akafariki Berlin 1927.

Hamburg, halafu baridi

Hamburg ndio mji ambao ukiwa umezaliwa Mombasa utapumua. Harufu ya bandari, honi za meli, na ndege wa baharini wanaokunyang'anya mkate wa samaki mkononi. Watalii hulipa kuzungushwa kwa boti. Wewe nenda Landungsbrücken upande feri nambari 62, ambayo ni usafiri wa umma wa kawaida na tikiti yako ya mwezi inatosha. Utauona ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie ukiwa mbali kidogo nyuma, kisha makontena na meli kubwa mpaka Finkenwerder. Ukirudi, shuka kwa miguu kwenye handaki la zamani la 1911 linalopita chini ya mto Elbe. Waendao kwa miguu hawalipi. Karibu na hapo ni Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyotiwa kwenye orodha ya Unesco 2015. Kahawa na viungo kutoka pande zetu vimepitia maghala hayo kwa miaka mingi.

Ukiwa na nusu siku imebaki, nenda makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa kiasi kwamba basi za mji hupita ndani. Humo amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyetoroka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Miaka michache baadaye mumewe aligongwa na tramu akafa, akabaki na watoto watatu wadogo katika mji baridi usio wake. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1886, zinaeleza vizuri upweke wa mgeni, ingawa aliyoyaandika akitetea utumwa hayakubaliki.

Na upweke ndio utakaokupima, kuliko karo. Desemba jua la Berlin linatua kabla ya saa kumi alasiri. Unaingia maktaba kukiwa giza, unatoka kukiwa giza. Wengi hujifungia chumbani wakisubiri Juni, ambapo jua hutua saa tatu unusu usiku. Usisubiri. Jiunge na michezo ya chuo, ada yake ni ndogo. Ukialikwa nyumba ya mtu saa moja, fika saa moja, si na robo, na uvue viatu mlangoni.

Halafu tafuta kile wanachokiita Tandem: unakutana na mtu mara moja kwa wiki, nusu saa mnaongea lugha yake, nusu saa lugha yako. Berlin, Hamburg, Leipzig, Köln na Bayreuth kuna wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wanaotafuta mtu wa kuongea naye, na wako tayari kukufundisha Kijerumani cha bure kwa kubadilishana. Jiandae tu. Swali la kwanza litahusu ngeli, na kuna uwezekano mkubwa mwenzako amezisoma kukuliko.